Jezi 30, helmeti hakuna: Klabu ya baiskeli Tanga ilivyoupima mwaka wake

Usiku wa kuamkia mkutano, katibu wa klabu alikuwa bado hajamaliza ripoti ya mwaka. Yeye ni mwalimu wa shule ya msingi, mama wa watoto wawili, na kazi ya kuandika ripoti alibebeshwa kwa sababu hiyo tu kwamba ni mwalimu. Watoto walikuwa wamelala. Feni ilizunguka bila msaada wowote, maana joto la Desemba mjini Tanga halina mjadala.

Kwenye daftari alikuwa ameandika kwamba mwaka umekuwa wa mafanikio, wanachama wameongezeka, kundi la watoto limeanzishwa, klabu imepata jezi. Chini yake kulikuwa na mstari mmoja: “Mwezi Julai ilitokea ajali ndogo iliyomhusu mwanachama mtoto.”

Aliusoma mstari huo kesho yake mbele ya watu, na mkutano ukasimama hapo hapo. Majina ya wahusika hayatajwi kwa sababu mtoto mwenyewe ana miaka 12 na bado anasoma.

Klabu yenyewe si kubwa. Ilianza na wanaume sita waliokuwa wakikutana kwa fundi baiskeli mmoja wa Ngamiani, kwenye moja ya zile barabara zinazoitwa kwa namba. Tanga ni mji tambarare na wengi wanaendesha baiskeli kwenda kazini, sokoni, kupeleka samaki, kumfikisha mtoto madrasa. Ndiyo maana wazee walicheka waliposikia neno klabu. Klabu ya nini, kila nyumba si inayo? Lakini wale sita wakawa kumi na watano. Wakaja akina mama wanne walioambiwa kliniki kwamba presha yao inataka mazoezi pamoja na dawa. Na Januari ya mwaka huu likafunguliwa kundi la watoto, kila Jumamosi asubuhi.

Wazazi walilipokea kwa mikono miwili. Mama mmoja alisema mwanawe akiwa likizo habanduki kwenye kochi, simu mkononi tangu chai hadi adhana ya magharibi. Shirika la Afya Duniani (WHO) linashauri mtoto wa miaka 5 hadi 17 apate wastani wa dakika 60 kwa siku za shughuli inayomfanya ahemee juu, na mtu mzima dakika 150 hadi 300 kwa wiki. Jumamosi moja haiwezi kutimiza hesabu hiyo. Ila mtoto aliyezoea baiskeli huenda nayo dukani, shuleni na kwa bibi, na dakika zinajijaza bila kuambiwa.

Mkutano uliitishwa saa tatu asubuhi, Jumapili ya mwisho ya Desemba, mbele ya banda la fundi chini ya mwarobaini. Mabenchi yaliazimwa madrasa. Kulikuwa na kahawa, kashata na mihogo ya kukaanga. Agenda zilikuwa tatu: ripoti, fedha, na mipango ya mwaka ujao.

Katibu alisoma vizuri, kwa sauti ya darasani. Januari na Februari watoto walifundishwa kupanda, kushuka na kukata kona kwenye barabara tulivu za Raskazone karibu na bahari. Aprili klabu ililala kwa sababu ya masika. Mei zikanunuliwa jezi, ili ziwahi Juni 3, Siku ya Baiskeli Duniani ambayo Umoja wa Mataifa uliitangaza mwaka 2018. Siku hiyo walipita mjini wamevaa kijani, watoto mbele, na picha zikasambaa kwenye simu za mtaa mzima. Watu wakapiga makofi kidogo. Kisha akafika Julai.

Nyuma kabisa, ameegemea ukuta wa banda, alikuwapo baba wa yule mtoto. Si mwanachama. Tangu Julai hajamruhusu mwanawe kurudi klabuni, na hakuna aliyetarajia kumwona. Aliinua mkono kama mwanafunzi.

“Samahani, mwalimu. Hilo neno ‘ndogo’ umelitoa wapi?”

Hakuna aliyejibu. Hata wanywaji kahawa waliweka vikombe chini.

Jumamosi ile ya Julai safari ilikuwa ya Mapango ya Amboni, kilomita kama nane kaskazini mwa mji. Watoto walikuwa 14 na wakubwa watano. Njia yenyewe ni ya Horohoro, lami inayokwenda mpakani na kuendelea hadi Mombasa, na malori yanaijua vizuri kuliko waendesha baiskeli. Walipanga kuondoka saa kumi na mbili na nusu, kabla magari hayajawa mengi. Baiskeli mbili zikakutwa zina pancha, moja breki zake hazishiki. Wakaondoka saa mbili kasoro robo.

Lori halikumgusa mtoto. Lilimpita karibu mno, upepo wake ukamyumbisha, tairi la mbele likatoka nje ya lami. Pale ukingo wa lami una kina cha kiganja cha mtu mzima. Alipojaribu kupanda tena, tairi liligoma ukingoni na yeye akarushwa, kichwa kikitangulia. Jezi mpya ilichanika begani. Kichwani hakuwa na kitu, wala mwenzake yeyote kati ya wale 14.

Kilichofuata ndicho kilichomuuma baba kuliko kuanguka kwenyewe. Mtoto aliinuka, akasema yuko sawa, akaomba maji. Wakubwa wakashusha pumzi. Mmoja akamkung'uta mchanga, mwingine akamnunulia soda, wa tatu akasema mapango si mbali, twendeni polepole. Kama dakika 20 baadaye akatapika. Akatapika tena. Akaanza kuuliza swali lile lile, “Tumefika?”, akijibiwa anauliza upya. Hapo ndipo ikaitwa bodaboda.

Mzazi, hili ni la kukaa nalo. Mtoto aliyejigonga kichwa anaweza kusimama, kuongea na hata kucheka, kisha hali ikabadilika baada ya dakika au saa kadhaa. Akitapika zaidi ya mara moja, akisinzia kupita kawaida au ikawa vigumu kumwamsha, akichanganyikiwa, akilalamika kichwa kinazidi kuuma, akipata degedege, mboni za macho zikitofautiana ukubwa au maji yakitoka puani ama sikioni, safari ni ya hospitali na si ya nyumbani kulala. Hata dalili hizo zisipokuwepo, ukihisi amejigonga hadi ubongo kutikisika, hapandi tena baiskeli siku hiyo. Anaangaliwa na mtu mzima, na anapumzika siku moja hadi mbili kabla ya kurudi kidogo kidogo kwenye shughuli zake. Kama alipoteza fahamu au aliruka kutoka kwenye mwendo mkali, aonwe na daktari bila kusubiri dalili.

Mtoto huyu alilala hospitali siku mbili. Damu haikuvujia kwenye ubongo. Daktari alisema ni mtikisiko wa ubongo. Alirudi nyumbani na miwani ya jua ya mama yake kwa sababu mwanga ulimkera, akakosa shule wiki mbili, na kichwa kiliendelea kumuuma hadi Septemba. Kusoma kurasa mbili kulimchosha. Mwalimu wake wa hesabu alidhani amekuwa mvivu.

“Mimi nilipigiwa simu saa nne,” baba alisema, sauti haijapanda. “Nikaambiwa mtoto kaanguka kidogo. Nimefika, namuuliza leo siku gani, haijui. Ndiyo nikauliza hiyo ndogo imepimwa na nani.”

Mwenyekiti, mzee wa busara asiyependa mambo kukwaruzana, alijaribu kuingia kati. “Bwana, sote tunamshukuru Mungu kijana yuko mzima.”

“Namshukuru sana, mzee wangu. Sikuja kugombana na Mungu.”

Katibu alisimama na daftari mkononi. Baadaye aliwaambia wenzake kwamba neno lile hakuliandika kwa hila. Aliandika “ajali”, akaona mstari unatisha, akaongeza neno moja ili upite. Pale mbele ya watu alisema tu, “Nimekosa, kaka. Nilifute?”

“Usifute. Andika ilivyokuwa.”

Akaandika hapo hapo, daftari juu ya tandiko la baiskeli ya mtu, na kusoma upya: safari ilichelewa, baiskeli hazikukaguliwa siku iliyotangulia, njia ilikuwa ya malori, hakuna mtoto aliyevaa helmeti, na baada ya kuanguka mtoto alicheleweshwa kupelekwa hospitali. Mstari mmoja ukawa sita.

Kisha ikaja agenda ya fedha. Mweka hazina ni dada mdogo anayefanya uwakala wa kutuma pesa kwa simu, na hesabu zake hazina doa. Alisoma mapato ya viingilio na michango, halafu matumizi. Jezi 30 kwa Sh25,000 kila moja, jumla Sh750,000. Ndiyo matumizi makubwa kuliko yote ya mwaka.

Mmoja wa wale akina mama wa presha, muuguzi mstaafu, akamuuliza fundi helmeti mpya ya mtoto inauzwaje mjini. Fundi akasema Sh35,000, ukibembeleza inapungua. Mweka hazina akabonyeza simu yake.

“Helmeti 14 ni Sh490,000,” alisema. “Ingebaki Sh260,000.”

Hakuna aliyemwomba aendelee.

Katibu ndiye aliyeendelea. Alifungua kumbukumbu za kikao cha Mei na kusoma. Mwanachama mmoja alipendekeza helmeti. Wengine wakasema ni ghali, kuna joto, zinaharibu nywele, juu ya hijabu hazikai, na wazee wetu waliendesha miaka yote bila hivyo vitu. Hoja ya jezi ikatolewa, ikaungwa mkono, ikapita. Mwishoni pameandikwa: “Suala la helmeti litaangaliwa baadaye.” Aliyeunga mkono hoja ya jezi ni katibu mwenyewe. Alilisoma na jina lake.

Si kwamba watu hawa hawawajali watoto. Jezi inaonekana kwenye picha, inaleta wanachama, inamfanya mtoto ajione ni wa mahali fulani. Helmeti ikifanya kazi yake vizuri hakuna kinachotokea, na kitu ambacho hakikutokea hakipigwi picha. Klabu nyingi, na familia nyingi, zinafanya hesabu hiyo hiyo kila mwezi bila kujua.

Ushahidi juu ya helmeti si wa kubabaisha. Mapitio ya tafiti nyingi yaliyochapishwa mwaka 2016 yalionyesha kwamba uwezekano wa mwendesha baiskeli aliyeanguka kuumia kichwa hupungua kwa takriban nusu akiwa amevaa helmeti, na majeraha makubwa ya kichwa hupungua kwa asilimia 69. Lakini lazima ikae sawasawa: iwe chini kwenye paji la uso, vidole viwili juu ya nyusi, na mkanda ufungwe kiasi cha kupitisha kidole kimoja au viwili chini ya kidevu. Kuvaliwa juu ya hijabu inawezekana, ila kitambaa kiwe chembamba na fundo lisikae nyuma ya kichwa. Ya mitumba usiyojua historia yake ni bahati nasibu, kwa sababu helmeti iliyokwisha kupigwa chini mara moja kwa nguvu inatakiwa kustaafu hata kama kwa nje inang'aa.

Baba alilisema jingine ambalo wapenda helmeti hulisahau. Helmeti haizuii lori. WHO inakadiria kuwa watu milioni 1.19 hufa barabarani duniani kila mwaka, na hakuna kinachoua watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29 kuliko ajali hizo. Kwa hiyo swali la kwanza la mipango ya mwaka ujao likawa njia.

Hapo kukawaka. Vijana wa klabu walikuwa na ndoto yao ya siku nyingi, safari ya Pangani, karibu kilomita 50 kwenda tu. Walikuwa wameshaiweka Februari. Waliposikia watu wanataka safari zote zirudi Raskazone, mmoja akasimama, mikono kiunoni.

“Basi tubadilishe jina, tuiite chekechea.”

Muuguzi mstaafu akamjibu kwamba yeye ana miaka 63, presha, na goti bovu, na chekechea hiyo ndiyo imemfanya apande ngazi bila kupumzika katikati. Watu wakacheka, kijana pia akacheka kwa shingo upande, na baada ya hapo wakaanza kuongea kama watu wenye nia ya kufika mahali.

Ilichukua zaidi ya saa moja. Pangani imebaki, lakini ya watu wazima peke yao. Watoto hawatapita barabara ya malori mwaka ujao, hata iwe kilomita moja. Wataendesha Raskazone na mitaa ya ndani, saa kumi na mbili na nusu hadi saa mbili, na ikifika saa moja hawajaondoka safari inafutwa, hakuna kubembelezana. Mtu akitaka kuwaonyesha mapango atawapeleka kwa daladala, baiskeli zibaki nyumbani.

Fundi naye alikuwa na lake. Alisema baiskeli nyingi za watoto zinazoletwa kwake ni kubwa kuliko wao, kwa sababu mzazi ananunua ya kukulia. Mtoto anaendesha kwa ncha za vidole, akisimama ghafla hagusi chini. Kwa mtoto anayejifunza, tandiko lishushwe hadi miguu ikanyage ardhi, na mkono wake ufike breki na kuibana kwa nguvu zake mwenyewe. Amejitolea kukagua breki, cheni na tairi kila Ijumaa jioni bila malipo, wao walipie vipuri. Isiyopita Ijumaa haiendi Jumamosi.

Jambo la wasichana liliibuliwa na mama mmoja kwa sauti ya chini, karibu na birika la kahawa, si mkutanoni. Kati ya watoto 14, wasichana ni wanne tu. Alisema ana binti wa miaka 11 anayelia kila Jumamosi, ila nyumbani wanaogopa tandiko, “unajua tena, mambo ya bikira”. Muuguzi hakumung'unya maneno. Alimwambia kile kiwambo hutofautiana kwa kila msichana tangu kuzaliwa, hakuna mtu anayeweza kukitazama akajua chochote juu ya mwenendo wa binti, na WHO pamoja na mashirika mengine ya Umoja wa Mataifa yalitamka mwaka 2018 kwamba kupima bikira hakuna msingi wowote wa kisayansi. “Wewe mtafutie suruali ya ndani ya gauni lake, na baiskeli isiyo na bomba la juu. Mengine mwachie mtoto acheze.” Mama aliuliza kama fundi anayo ya kuuza.

Fedha ndizo zilizobaki ngumu. Akiba iliyopo inatosha helmeti tisa. Mtu alipendekeza jezi ziuzwe, lakini nani atanunua jezi iliyovaliwa yenye jina la klabu ya mtaa? Wakakubaliana ada ya kila mwezi ipande kwa Sh2,000 hadi helmeti zitimie, na mpaka hapo watoto waende kwa zamu, tisa tisa. Mzazi mmoja alinung'unika kwamba wake wawili hawatapata Jumamosi moja. Mweka hazina akamjibu kuwa ndiyo, hawatapata zote. Imeandikwa pia kwamba kila safari iwe na mtu mzima mmoja ambaye kazi yake ni simu na hospitali tu, naye ndiye mwenye kauli ya mwisho mtoto akianguka, hata mwenyekiti akisema vingine. Kura ilipita, mikono 19 dhidi ya mitatu.

Mwenyekiti alimuuliza baba kama kijana anaweza kuandikwa kwenye kundi la Januari. Baba akasema hapana, hakuja kwa ajili hiyo. Kisha akaomba aone baiskeli. Ilikuwa bado ndani ya banda, imening'inizwa kwenye msumari tangu Julai, rimu ya mbele imepinda kama nane. Aliizungusha kwa kidole, ikakwaruza breki na kusimama.

“Inyoosheni,” alimwambia fundi. “Sijasema ataiendesha.”

Fundi akamwambia aje Jumatano.